Uzio wa Baba Yenu

Sogeeni, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu izime hiyo simu, maana pumzi nilizobaki nazo ni za kuazima na sitaki kurudia maneno. Rudishieni mlango. Baba yenu yuko nje kwenye benchi lake, na haya si ya kufika masikioni mwake.

Nyumba ni yenu nyote wawili, ila yeye akiwa hai msigawane hata kitasa. Hilo limekwisha. Linaloninyima usingizi ni ule uzio wa haibiskasi unaotoka mlangoni mwetu hapa mpaka kwenye benchi. Usigune, kifungua mimba. Nimekusikia dirishani ukimwonyesha fundi, eti ung'olewe, pamwagwe zege, gari lako lipate pa kulala. Gari lina taa mbili. Baba yenu hana hata moja.

Mnadhani anatembeaje? Mnajisifu kwa watu, "Mzee wetu haoni lakini hashikwi mkono," na yeye kifua mbele, fimbo mliyomletea kaitupa uvunguni. Mkiona vyaelea, jueni vimeundwa. Macho yake yalipoanza kufifia niling'oa maua yenye miiba aliyoyapenda, akanifokea weee, nikapanda haibiskasi kwa sababu haichomi. Tangu hapo, kabla hajaamka, naikata iwe usawa wa kiuno chake, pale mkono unapoangukia wenyewe, na kila tawi linalochungulia njiani naliondoa. Yeye anaamini ni miguu yake iliyoizoea njia. Mwacheni aamini.

Kuna wakati mche wa katikati ulikufa, umejaa vidudu vyeupe kama pamba. Mpaka kipando kipya kikue, niliweka kiti changu kwenye lile pengo nikajifanya naota jua. Akipita, mkono unatua begani kwangu: "Bado umekaa tu, mvivu we?" Sijawahi kufurahia kutukanwa kama siku zile.

Sasa nimelala na hakuna anayekata. Jana kaingia na mchubuko juu ya jicho, akasema amejikuna, nanyi mkaamini! Namjua mtu wangu: akiogopa mara moja tu, hatatoka ndani tena, na akikaa ndani atakufa.

Kitinda mimba, mkasi ni wako. Maji mwagilia asubuhi, shinani, usilowanishe majani. Vidudu vioshe kwa maji ya sabuni mapema, usingoje vizae. Panapokufa mche, kata tawi lililokomaa, pukutisha majani ubakize mawili ya juu, lichomeke kivulini kwenye udongo usiotuamisha maji, likishika mizizi lihamishe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na wewe mkubwa, wakati kipando kinakua, utakaa wewe kwenye pengo. Ndiyo, wewe, uliyemnunia tangu alipoukataa mkono wako siku ya harusi yako, mbele ya wakwe. Hakukudharau, mwanangu. Aliona aibu. Kaa pale, akuguse bega, akutukane kidogo, nawe umjibu. Zege lako nenda kamwage kwako.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Mpendane. Mikono yenu isikaukiwe, na watoto wenu wawatunze bila kuwaaibisha. Nimewaridhia wote wawili, na wewe mnunaji pia.

Nyamazeni. Mnayasikia majani? Anakuja. Polepole hivyo... lile tawi, lile lililomchubua jana... Amelipita. Alhamdulillahi.

Fungueni mlango. Uzio unaishia hapo kizingitini, toka hapo mpaka kitandani hana cha kushika. Hapana, mwanangu, kaa! Usimfuate. Ninyanyulieni mkono wangu, mimi siuwezi tena. Utoeni nje ya shuka... ukingoni... juu kidogo, usawa wa kiuno chake. Hapo hapo.

Sasa kimya. Mwacheni aukute mwenyewe.