Miezi Mitano Nikingoja Tundu Dogo

Bwana Yesu asifiwe! Itikieni kwa nguvu, ndugu zangu, maana mimi mwenyewe nguvu sina. Nimechoka, lakini nimesimama.

Mnanijua, mimi Mama Neema, nabangua korosho na akina mama wenzangu hapa Likombe. Mwaka mzima vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinawaka na kufa ganzi. Nikasema ni mafuta ya maganda, nani kati yetu hayajamchoma? Nikazidi kujipaka majivu ya kuzuia mafuta hayo na kuendelea kubangua. Ujinga wangu! Usiku silali, asubuhi kikombe kinaniponyoka, vifungo vya sare ya mwanangu vinanishinda.

Hospitalini daktari akaniambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na nyama ya dole gumba imeanza kupungua. Ilibaki kupasua tu. Njia ni mbili: kuchana kiganja, aone kwa macho yake na kukata utepe unaobana, au kupitisha kamera kwenye tundu dogo. Hiyo ya tundu unarudi kazini mapema kidogo, ila vifaa vyake viko mbali.

"Mama, utepe unaokatwa ni uleule," alisema. "Kwa njia yoyote kati ya hizo, baadaye mkono unafanya kazi sawa."

Mimi nilitaka tundu! Niliogopa kisu, na niliogopa kukaa wiki nyingi bila kubangua. Nikafunga na kuomba Mungu alete kamera Mtwara. Miezi mitano, ndugu zangu! Kamera haikuja, na dole gumba likazidi kunywea.

Aliyenizindua ni jirani yangu Bi Zuhura, Mwislamu, tunabangua pamoja. "Mwenzangu, unaokoa mkono au unaokoa ngozi?"

Nililia sana. Kisha nikaenda nikachanwa kiganja, nikiwa macho, kwa sindano ya ganzi, nikiimba moyoni.

Vidole vimeamka! Haleluya! Dole gumba halijarudi lote, sitawadanganya, na huenda lisirudi. Hiyo ni miezi yangu mitano.

Asante, Mungu wangu, ulinijibu kwa kisu kilichokuwa karibu, mimi nikakukatalia. Ndugu zangu, mtegemeeni. Na wewe unayekung'uta mikono yenye ganzi kila alfajiri ukinyamaza, nione baada ya ibada tufuatane. Jumatatu napeleka hospitalini mkono wa kushoto, nao umeanza kufa ganzi.