Mama Leonia Bukuru Anastaafu: Miaka Ishirini na Miwili na Familia za Ufukweni

Tarehe 30 Juni 2008, Mama Leonia Bukuru atakabidhi ufunguo wa chumba cha ushauri cha kituo chetu hapa Bangwe, baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Wengi wetu tulimkuta kazini. Mimi, Yusta, nilipoanza, alinipa kazi moja tu siku ya kwanza: nikae na mama mmoja aliyekuwa akilia, nisimkatize mpaka amalize. Nilidhani ni kazi nyepesi.

Mama Leonia ni muuguzi wa magonjwa ya akili. Alipokuja kwetu mwaka 1986, watu walikiita kituo "kwa vichaa" na kupita upande wa pili wa barabara. Basi akawafuata yeye. Alishuka ufukweni Kibirizi, akawasalimu kina mama, "Mwakeye," akachutama na kugeuza dagaa juani pamoja nao. Habari za mume mlevi, za binti asiyepata usingizi, za mzazi asiyetaka kumshika mtoto wake mchanga, zilianza kusemwa pale pale mchangani.

Ni kina mama hao waliomweleza kwamba ugomvi majumbani huzidi wakati wa mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwaka wanaume hubaki nchi kavu na chupa zao. Mama Leonia akahamishia kikao cha kina baba siku hizo hizo. Mwanzoni walikuja kwa ajili ya chai. Baadaye walikuja hata sukari ilipokwisha.

Lazima niseme pia kuhusu mitumbwi. Mama huyu aliyezaliwa mlimani Kasulu anaogopa maji kupita kiasi, na kazi ilimtaka aende mara kwa mara Mwamgongo, kijiji kinachofikiwa kwa mtumbwi. Dawa yake ilikuwa kuimba tenzi za kanisani kwa sauti kuu tangu kung'oa nanga mpaka kufika. Hamdani, nahodha wetu, ni Mwislamu safi, lakini sasa anazijua zote, na kwenye ubeti wa tatu yeye ndiye humsahihisha Mama.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Mwishoni mwa 1996 watu walivuka kutoka Kongo kwa maelfu. Wengi walipelekwa kambini, wengine wakapokelewa na ndugu zao mjini. Mmoja wao alikuwa Kasongo, fundi wa mitumbwi, aliyefikia kwa dada yake Mwamvua pale Kibirizi. Mtumbwi wao ulipinduka ziwani. Mkewe na mwanawe mkubwa wakazama. Alibaki na binti wa miaka minane, Shukrani, na alikuwa amemfunga kamba mkononi, ncha ya pili kiunoni mwake mwenyewe. Hawakuachana mchana wala usiku.

Majirani walikuja kituoni wakitaka mtoto achukuliwe. Wengi wetu tuliona wana haki. Mama Leonia alikataa.

"Mkimtoa huyo mtoto leo, baba hatafika kesho," alisema. "Na mtoto atajiona ndiye aliyemwua. Niachieni."

Alikwenda kila siku. Kwanza alikunja kitambaa, akakipitisha chini ya kamba ili mkono wa mtoto usichubuke. Hakumwambia Kasongo afungue. Alikaa naye tu, mpaka siku moja Kasongo mwenyewe akasema, "Mama, kaka yake nilimuachilia mukono ndani ya maji. Huyu, hapana."

"Huyu usimwachie," Mama Leonia akamjibu. "Ila kamba ni fupi, Baba Shukrani. Mtoto hafiki hata jikoni kwa shangazi yake."

Kasongo alifikiri, akakubali. Wakaunga kipande. Wiki zilizofuata wakaunga kingine, Shukrani akafika mlangoni, kisha kisimani. Watu walicheka, na wengine walituambia tumeambukizwa wazimu. Mama Leonia akaenda kuzungumza na mwalimu, na muhula ulipofunguliwa Shukrani aliketi darasani karibu na dirisha. Kamba ilitoka dirishani, na nje, juu ya jiwe, baba yake alishika ncha, sasa mkononi, si kiunoni tena.

Asubuhi moja mvua ilishuka ghafla. Kasongo aliinuka akakimbilia barazani kama wenzake waliokuwa wakipita. Alipokwisha kujipangusa uso ndipo alipoona mikono yake mitupu; kamba aliiacha kwenye jiwe. Mwalimu alitusimulia kwamba alichungulia dirishani. Shukrani alikuwa akiandika, ulimi umetoka kidogo kwa bidii. Kasongo alimtazama kwa muda mrefu. Mvua ilipokatika, hakuiokota kamba. Alikwenda nyumbani peke yake.

Mwamvua alipomwona anakuja bila mtoto, alipiga yowe. "Kaka! Mtoto yuko wapi?"

"Yuko masomo," Kasongo akasema. "Kuko chakula?"

Mwamvua alikuja mbio mpaka kituoni kutuletea maneno hayo, akicheka na kulia. Mama Leonia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, naye akauliza ni zamu ya nani.

Haikuisha siku ile. Kasongo alirudi nyuma mara kadhaa, na hadi leo havuki ziwa. Lakini anaunda mitumbwi Kibirizi, huketi kikaoni na kina baba, na wageni wenye majonzi mapya hupenda kukaa karibu naye. Shukrani yuko chuo cha ualimu.

Wiki iliyopita tulikwenda nyumbani kwa Mama Leonia kupanga sherehe, tukamuuliza mumewe, Mzee Gervasi, kama atasema neno. Mzee alitikisa kichwa. "Mke wangu amewasikiliza watu wa mji huu wote," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu, na nina mengi."

Mama Leonia, asante kwa subira yako na kwa yote uliyotufundisha. Uwe na afya, wajukuu na usingizi wa kutosha. Chumba tutakitunza. Nenda, Mzee anakungoja.