Jioni ya Kuaga

Benchi lilikuwa nje ya duka la kufulia nguo, mahali ambapo mvuke wa mashine uliwapa joto la bure watu waliokuja ugenini kutafuta riziki. Kila Jumamosi marafiki watatu, Fundi Cherehani, Profesa na Dereva wa basi, walikunywa kahawa ya chupa hapo, kisha wakaenda kwa Mama Mwenyeji, mzalia wa nchi ile, aliyewakaribisha sebuleni kwake wageni wa mataifa mbalimbali. Jumamosi hii hakuna aliyeinuka. Fundi Cherehani alishika simu kama aliyeshika kaa la moto. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kimekwisha, na mkewe alikwisha kuuza vyombo vya ndani ili amfuate mwezi ujao. Siri hiyo ya kibali, nje ya benchi, aliijua Mama Mwenyeji peke yake.

— Profesa, hebu soma tena ujumbe wa Mama, akasema Fundi.

Profesa alikuwa mwosha vyombo hotelini, ila lugha ya wenyeji aliijua kuliko wenzake.

— "Karibuni nyote. Leo ni jioni ya kuaga."

— Kuaga nini? akauliza Fundi.

— Kuaga tu. Neno lao linaishia hapo.

— Mtu haagi tu, bwana! akadakia Dereva wa basi. Kwetu ukisikia fulani ameaga, unatafuta sanda.

— Usinitie kiwewe, kaka.

— Nakutia akili. Au mama mwenyewe anahama?

— Juzi katundika pazia jipya, akasema Profesa. Anayehama hanunui pazia. Kuna mtu atachukuliwa. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Mama anakaa ghorofa ya nne. Watu wa uhamiaji wapande ngazi zote hizo za nini? Watangoja mlangoni.

Fundi akajaribu kucheka.

— Na yule Mpiga Gitaa wa pale sebuleni kwa Mama? akasema Dereva. Mmewahi kumsikia akimaliza wimbo? Zile si nyuzi, ni nyaya. Anatunasa sauti!

— Basi siendi.

— Usipokwenda umejitangaza, akasema Profesa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

— Na nikienda?

— Ukienda... haraka haraka haina baraka. Nenda polepole.

Hapo akatokea Muuguzi, dada aliyehamia mtaa ule karibuni, amekumbatia boksi.

— Jamani, bado mmekaa? Mama kaniandikia kando nilete vikombe.

— Mimi soda, akasema Dereva.

— Mimi mkate, akasema Profesa. Kila mtu kapangiwa chake.

— Na wewe, kaka Fundi, umeambiwa ulete nini?

Fundi akaitazama simu. Chini ya ujumbe wa wote palikuwa na mstari wake peke yake, wenye maneno mepesi aliyoweza kuyasoma bila msaada. Akausoma kwa sauti: "Wewe usilete kitu. Njoo tu, usikose."

— Basi anayeagwa ni wewe, akanong'ona Profesa. Dereva akajisogeza taratibu hadi ncha ya benchi, kama mtu anayeogopa kuambukizwa.