Pazia la Mbeleko

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Mama Kadzo wa Mwabungo. Mkiniona nalia msishtuke, ni shukrani tu.

Ile miaka ya hamsini, Uhuru bado, binti yangu Kadzo alifariki kwa homa. Alikuwa ndiyo kwanza aanza kutembea. Ndugu zangu, nilivunjika! Nilivuta pazia la mlangoni likachanika, nikafunga mlango mchana kutwa. Nanyi mwajua, kwetu mlango wa mchana huwa wazi, pazia laning'inia. Ukifungwa, watu hupita mbali. Niliacha kula, nikaacha kusema na mume wangu. Nilimwomba Mungu anichukue nami.

Jirani yangu Bi Mwanasiti, Mwislamu mwenye swala zake, hakupita mbali. Kila asubuhi hupiga hodi, nami kimya. Siku moja akausukuma mlango, akaingia.

"Mwanangu, lete kitambaa tushone pazia."

"Sina, mama. Nina mbeleko ya Kadzo tu."

Akasema polepole, "Basi ilete hiyo. Isiozee sandukuni."

Ilikuwa leso nyekundu niliyombebea mgongoni, bado yanukia mwanangu! Tukakaa, yeye apinda huku, mimi huku, machozi yanilowesha mikono. Tukapitisha kamba kwenye pindo, nikapanda kiti, nikaitundika mwenyewe.

Kumbe nimeipindua! Sikujua kusoma, na maandishi ya leso yalikuwa kichwa chini, miguu juu. Wanawake waliotoka kisimani wakasimama. Mmoja akaita, "Shoga, hilo pazia tulisome vipi? Tusimamie vichwa?"

Bi Mwanasiti akacheka mpaka akakaa chini. Nami, ndugu zangu, nikacheka! Lo! Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu.

Mume wangu alikuwa arudi kutoka shambani. Akasikia, akasimama nje ya pazia, mwenye nyumba yake, akasema kwa sauti ndogo, "Hodi?"

Nikamjibu, "Karibu, Baba Kadzo."

Akaingia akilia.

Uchungu haukuisha siku ile, sitawadanganya. Lakini sikuomba kufa tena. Na lile pazia hatukuligeuza, lilikaa vile vile mpaka likachakaa.

Wewe uliyejifungia leo, Mungu hajapita mbali. Yuko mlangoni pako, na huenda amekuja na sauti ya jirani. Ukisikia hodi, mwanangu, itikia!