Kilio Nilichokatazwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo sikuja kunong'ona. Kunong'ona ndiko kulikotaka kuniua.

Mimi ni mtu wa Ipole. Mume wangu Elia, huyu hapa amekaa, ni mrina asali. Mnajua kwetu mwanamume akiwa porini kurina, mkewe nyumbani hagombani na mtu, wala halii. Wanasema machozi ya mke huwatia nyuki ukali, wakamwangusha mume kutoka mtini. Basi Elia akiwa porini, binti yetu Kalunde akashikwa na homa, akafa. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Tukamzika, nami nikaambiwa, "Nyamaza, utamuua na mumeo."

Nikanyamaza, ndugu zangu! Elia aliporudi nikasema sasa nitalia, lakini machozi yakagoma. Nikawa sili, sisalimii watu, nasimama shambani na jembe mkononi bila kulima. Shemeji zangu wakasema nina pepo. Wakanifunika blanketi, wakanifukiza dawa, nikakohoa tu. Hata hapa kanisani wengine mlisema nimeficha dhambi. Nilisikia! Na jina langu mkaliacha. Nilikuwa Mama Kalunde, nikawa "yule mke wa Elia."

Siku moja shemeji zangu wakaja na kamba ya kupandishia mizinga. Walitaka kunifunga, wanipeleke boma Tabora, serikali ya Mwingereza inifungie pamoja na vichaa. Elia akasimama mlangoni. "Mke wangu hafungwi," akasema. Akawanyang'anya kamba, akafungia gunia la majani kwenye keria ya baisikeli ili nikalie, tukashika njia ya Sikonge, hospitali ya misheni.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, Mnyamwezi mwenzetu. Nikasema shikamoo kwa shida. Akaitika marahaba, kisha akamwuliza Elia habari za watoto wetu. Elia akamtaja marehemu. Yule mama akanigeukia: "Pole sana, Mama Kalunde."

Ee Bwana! Nililia mpaka nguo yake ikalowa, naye hakuninyamazisha. Akasema, "Huzuni ikifungiwa ndani inageuka ugonjwa, mwanangu, kama homa tu. Tutakuuguza." Akanilisha uji, akaomba pamoja nami, akanitoa kulima bustani na wenzangu.

Msidhani nilipona siku hiyo. Mpaka leo kuna asubuhi naamka na uzito ule. Ukija, nautaja. Namwambia Mungu, namwambia Elia, naenda kwa jirani. Simezi tena! Msimu uliofuata Elia akiwa porini, nililia mchana kweupe, nje ya nyumba yangu. Akarudi mzima, na asali tele.

Namshukuru Yesu, ambaye mwenyewe alilia mbele ya watu kwenye kaburi la rafiki yake, wala hakuona haya.

Na wewe dada uliyekaa kule nyuma, uliyefiwa juzi huku mumeo bado yuko porini kurina, nakuona umeuma kanga. Mtumaini Bwana, ulie. Nitakaa nawe. Wanaotaka kukunyamazisha watanikuta mimi kwanza! Nanyi, ndugu zangu, tukitoka hapa mkija kunisalimia mlangoni, mke wa Elia simtaki. Niiteni Mama Kalunde.