Msinizike Juu ya Ukingo

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, nyinyi wote wawili, na wewe Lemayian weka hiyo simu chini, maana mama yako hafi mara mbili. Kakenya, futa machozi, bado niko. Niko na maneno ambayo nimeyasema tangu mlipoligeuza bwawa la baba yenu kuwa mahali pa starehe, nikayasema kwa upole, nikayasema kwa ukali, na kila mara mliniitikia "sawa, yieyo," sawa mama, kisha mkaenda zenu kama watu waliosikia mbuzi akilia.

Ng'ombe waliobaki mgawane nusu kwa nusu, na yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda ni wa Kakenya, mtu asimuulize. Shamba baba yenu aliligawa akiwa hai, msianze kulifukua. Hayo ni mepesi. Kilichonikaa kifuani ni bwawa.

Baba yenu alilichimba na wenzake wa rika, kwa sepeto na mafahali wa kukokota aliowaazima kwa rafiki yake Ndulu, mwaka ambao mifugo yetu ilikuwa inafia njiani ikitafuta maji. Udongo wakaurundika, halafu wakawa wanaswaga ng'ombe juu yake asubuhi na jioni, kwato zikaushindilia mpaka ukawa mgumu. Na mnajua ni nani aliyesema maji yaachiwe njia pembeni, ili yakijaa yatokee hapo yasipande juu ya ukingo? Lemein. Ndiyo, Lemein huyu jirani aliyetufungia njia ya mifugo, ambaye sijamsalimu tangu Kakenya akiwa mgongoni. Baba yenu alitaka kuiziba ile njia abaki na maji mengi. Lemein akasimama pale na fimbo yake, akasema bwawa lisilo na pa kutapikia hupasuka tumbo. Inaniuma mpaka leo kwamba mtu yule alikuwa na akili.

Sasa tazameni kazi yenu. Pale pa kutapikia, Lemayian, umejenga banda la nyama choma, ukamwaga saruji, ukapanga magunia ya mchanga ili maji yapande na boti zako zisikwame kwenye tope. Juu ya ukingo umechimba mashimo ya nguzo za taa. Wewe Kakenya ukapanda mikaratusi hapo hapo, eti maharusi kutoka mjini Noonkopir wapate kivuli cha kupigia picha, na mizizi inapenya udongo ule ulioshindiliwa kwa kwato. Nguchiro wamejichimbia mashimo upande wa nyuma na hakuna anayewafukuza, kwa sababu watoto wa wageni wanapenda kuwaona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mliiimba hiyo shuleni mkapigiwa makofi, na ufa wenyewe uko pale juu, mkono wangu unaingia, nanyi mmeufunika kwa zulia jekundu la harusi.

Masika yaliyopita nilijikokota mpaka chini ya ukingo. Pale pamekuwa na unyevu miaka mingi, maji kidogo, safi, nami nilikuwa nayatazama tu. Siku ile yalitoka na matope. Maji yakitoka na matope, wanangu, jueni yanaula ukingo kutoka ndani. Nilipiga kelele, na Selpha mpangaji wetu akatoka kwenye ile nyumba mliyoijenga bondeni, ambako kodi yake haijawahi kuchelewa, akabeba watoto wake wakaenda kulala kanisani. Wewe Lemayian ulikuwa unapiga picha, unaandika kwamba bwawa limejaa, karibuni Jumapili. Mvua ikakatika, maji yakashuka yenyewe, ukaja kuniambia, "Umeona, yieyo? Hakuna kitu ilifanyika." Neno hilo limeniumiza kuliko ugonjwa huu.

Nipe maji, Kakenya. Kidogo tu.

Sasa nimesikia, maana watu hudhani mgonjwa ni kiziwi, kwamba mmeshachagua mahali pa kunizika. Juu ya ukingo, katikati kabisa, kaburi la vigae, ili nitazame maji na wageni wanione. Mlidhani ni heshima. Kaburi ni shimo, wanangu. Mnataka kuutoboa ukingo uliochoka, mnifanye mimi niwe ufa wa mwisho. Nimekataa.

Nizikeni bondeni, kando ya ua wa Selpha, hapo maji yatakapopita kwanza siku ukingo utakapoachia. Msitazamane. Nimewaomba muwaogopee watoto wa Selpha, wanaopumua, wanaokimbia hapo kila siku, mkashindwa. Basi labda mtaogopa mifupa ya mama yenu kusombwa mpaka mtoni, watu wote wakiangalia. Aibu yenu naijua, nimewazaa mimi.

Mzazi mwingine angelaani. Mimi siwezi kumlaani niliyemnyonyesha. Lakini nisitoke mochari kama banda bado limesimama. Mwiteni Lemein asimame pale na fimbo yake, aseme njia imetosha au haijatosha. Atafurahi kuwaaibisha, mwacheni afurahi, na mwambieni nimemsalimu. Boti zisirudi majini mpaka fundi anayeyajua mabwawa aukague ukingo wote, na hiyo mikaratusi aseme yeye itakavyotolewa. Na Selpha na watoto wake walale humu ndani mwangu kuanzia leo. Nimesema leo, si baada ya matanga. Mvua za vuli haziwangoji nyinyi mmalize kulia.

Pumzi… inaniacha. Leteni vichwa vyenu hapa. Mate yangu yamekauka, nilowesheni midomo kwa hayo maji, niwatemee baraka kama mama yangu alivyonitemea. Enkai, Mungu wetu, awape watoto watakaowasikia… kuliko mlivyonisikia mimi. Awape mvua, na awape akili ya kuipokea. Mpendane. Itikieni baraka, semeni Naai.

Lemayian, usiniambie "sawa, yieyo." Sitaki sawa. Sururu iko nyuma ya boma, na dirisha hili… lifungue. Nenda sasa. Nataka niisikie ikigonga ile saruji… nikiwa bado nasikia.