Bi Shariffa binti Sinan na Pensheni ya Mazoon

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa mama huyu, na tunakushukuruni mliokuja hitmani.

Marehemu Bi Shariffa binti Sinan alizaliwa tarehe 12 Machi 1966, Mkunazini, Unguja. Mwaka 1975 wazee wake walihamia Maskati, Omani, wakakaa Darsait, nyumba hii hii mliyoingia leo kutupa pole.

Skuli alisoma Mutrah. Alifika hajui Kiarabu, wenzake wakimcheka. Alipomaliza sekondari mwaka 1985, yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea majirani magazeti.

Mwaka 1987 alianza kazi ya ukarani kwenye duka la magari Wattaya. Mwaka 1991 aliolewa na marehemu Humam bin Jaifar. Wakapata watoto wawili: Mazoon, 1994, na Yaarub, 2001, anayekusomeeni. Mazoon hatembei wala hasemi. Anacheka tu, na mama alikuwa akilijua cheko la njaa na cheko la maumivu. Sisi wengine mpaka leo hatulijui.

Bibi yetu aliyekuwa akimkalia Mazoon alifariki 2008, mama akaacha kazi. Miaka yake ya pensheni ilikuwa haijatimia. Baba naye akafariki 2013. Serikali ikawa inampa msaada wa kila mwezi kwa kumhudumia mtoto. Sote tukidhani ni wa chakula na pampasi, basi. Kumbe yeye kenda ofisi ya msaada kuuliza kama anaweza kuendelea kujichangia pensheni huku anapokea msaada.

"Mama, hizi tunakupa za kumlea mtoto," kijana wa ofisini alimwambia.

"Nnajua. Na mimi nikifa, haja zake zinakufa?"

Kijana akamvutia kiti. Akamweleza: akitimiza miaka yake, pensheni itakuwa yake, na akiondoka itabaki kwa mtoto asiyeweza kujitafutia.

Tangu siku ile akajitoa kwenye mchezo wa pesa wa wanawake wa hapa, ule wa kupeana kwa zamu na kununulia dhahabu za harusi, fungu lake akalipeleka kwenye michango. Mnajua wenyewe, ukenda harusini bila bangili mpya watu wanakutazama mikono. Harusi moja Azaiba, wifi yake, Bi Mahfoudha, alimwambia mbele ya watu, "Wifi, kidani hicho kimeshahudhuria harusi nyingi kuliko kadhi."

"Kiache, wifi yangu. Nacho kinapenda biriani."

Wakacheka, naye akacheka. Sababu hakuisema. Hakutaka mtu amtazame Mazoon kama mzigo uliomvua mama yake dhahabu.

Februari 2024 figo zikamshinda, akawa anakwenda kusafishwa damu kwa mashine. Michango ya mwisho ilikuwa bado. Kila akitoka kwenye mashine, hata maji hajanywa:

"Yaarub, umelipa?"

"Nimelipa, mama."

"Kazi zako zote unaziacha, mwanangu. Hii usiiache."

Mchango wa mwisho ulilipwa Septemba 2025. Siku ile aliomba avishwe kile kidani, akalazwa kitandani ubavuni mwa Mazoon, akamwachia akichezee mpaka wakalala wote wawili. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025, kitanda hicho hicho.

Leo asubuhi tumethibitishiwa kuwa pensheni inahamia kwa Mazoon, maisha yake yote. Bi Mahfoudha aliposikia alizishika bangili zake, akauliza, "Na mimi miaka yote hiyo nnamcheka?"

"Alikuwa akicheka na wewe, shangazi," nikamwambia.

Ameacha dada mmoja, Bi Wadha. Wifi yake, Bi Mahfoudha. Mwanawe Yaarub, ambaye bado anatafuta kazi ya kukaa nayo. Na binti yake Mazoon, ambaye hajafanya kazi hata siku moja, na mwisho wa mwezi atapokea mshahara aliotafutiwa na mama yake.

Mola ampumzishe mama yetu, na pumziko hilo liwe refu, maana hapa duniani hakulichukua.